Wote Walikunywa, Mmoja Akaanguka

Mzee Angwenyi alipatikana asubuhi ya Sabato, ameketi kwenye kiti chake cha sebuleni hapo Suna, amevaa shati jeupe la kanisani ambalo kuanzia kifuani kwenda chini halikuwa jeupe tena. Damu ilikuwa ikimtoka puani na kwenye fizi, polepole, bila haraka, lakini bila dalili ya kukoma. Macho yalikuwa wazi. Biblia ilikuwa magotini. Kwenye stuli kando yake palikuwa na kikombe kitupu na chupa ya chai.

Aliyempata ni dada yake, Bitutu, aliyekuwa amempitia waandamane kanisani. Bitutu alipiga nduru moja tu, lakini nduru ya Bitutu hutosha mtaa mzima na hubaki ya kesho. Na ndani ya hiyo moja alikuwa ameshataja aliyekufa na aliyeua: ndugu yangu ameuawa na mke wa mwanawe, mke wa Maxwell. Kwamba ndugu yake alikuwa bado anapumua, na hata alijaribu kumwambia apunguze kelele, hilo Bitutu aliona ni jambo dogo la kurekebisha baadaye.

Kufikia saa tatu na nusu mgonjwa alikuwa amekimbizwa hospitali, na Koplo Phelesia wa upelelezi alikuwa amesimama sebuleni akiangalia kiti. Phelesia ni mwenyeji wa Karachuonyo, kando ya ziwa. Ni Mkatoliki, magoti yake hayapendi ngazi, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka nyumbani bila chai akidhani ataipata mbele ya safari. Alikosea nyumba. Mzee Angwenyi na watu wake ni Wasabato, wafanyabiashara waliotoka Kisii wakafungua duka la vifaa vya ujenzi Migori, na kwao majani ya chai hayavuki mlango. Chupa ya chai wanayo, tena kubwa, lakini tangu inunuliwe haijawahi kuonja chai.

"Ndani ni nini?" Phelesia aliuliza.

Kabla mtu wa nyumbani hajajibu, mwanamume mmoja mwenye shingo ndefu na viatu vinavyong'aa alisonga mbele. Alijitambulisha kuwa Caleb, rafiki wa familia, mwuzaji wa dawa za asili kuanzia Suna hadi Kegonga. Akasema hicho ni kinywaji chake, mchaichai na viungo vya jikoni, kinaitwa Damu Safi, na kila mtu humo ndani hukinywa. Akachukua kikombe safi, akakijaza, akakinywa chote mbele ya askari, mbele ya Bitutu, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa mlangoni. Akapindua kikombe waone. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kwao, anayekupikia au kukumiminia huonja kwanza, na akishaonja akabaki amesimama, maneno yameisha.

Phelesia naye aliona yameisha. Alikuja kujilaumu baadaye, kwa sababu palikuwa na swali pale pale, limesimama wazi kama nguzo ya stima: ni nani alikuwa amemshtaki huyo bwana na kinywaji chake?

Kabla ya adhuhuri, Daktari Nyamongo alipiga simu kutoka wodini. Damu ya mzee haigandi, alisema. Ameiweka kwenye chupa ya kupimia akasubiri mpaka akachoka. Mtu wa namna hiyo, alisema daktari, mara nyingi huwa amekula sumu ya panya, zile za siku hizi ambazo hazimuui panya palepale bali humfanya avuje damu ndani kwa ndani. Amemdunga vitamini ya kugandisha. Wasubiri.

Neno "panya" halikuwa limekauka wakati jirani alipokumbuka kwamba mke wa Maxwell alirudi kutoka sokoni Isebania juzi na pakiti ya sumu ya panya, ameishika mkononi bila hata kuificha. Pakiti ikatafutwa, ikapatikana jikoni juu ya kabati, imechanwa na kubaki nusu. Inspekta Omanga, mkuu wa Phelesia, alifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata kiti kwenye foleni ya benki. Mke wa Maxwell, Beverlyne, ndiye anayepika uji wa mzee. Mumewe huendesha lori Tanzania na simu yake haishiki. Alipoulizwa kama mzee alitapika, kama alienda choo, kama mkojo ulikuwa na rangi gani, Beverlyne aliinamisha kichwa hakujibu hata moja. Omanga alisema kimya kama hicho anakijua. Akamfunga pingu mbele ya watu. Mtoto wake wa kunyonya alibaki kwa jirani, analia, na Jumanne mama yake angepelekwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua.

Jumapili Phelesia hakuenda misa, jambo ambalo lilimwongezea hasira, na alikuwa nazo za kutosha. Alienda rumande. Alimkuta Beverlyne amekaa sakafuni, leso imebana kifua kwa sababu maziwa yalikuwa yamejaa na hakuna wa kuyanyonya.

"Mama, nisaidie nikusaidie," Phelesia alianza. "Mzee aliwahi kutoka damu kabla ya Sabato?"

"Mimi sijui mambo ya Baba."

"Unamuona kila siku."

"Namuona. Lakini mambo yake siyajui."

Phelesia alivuta pumzi, akaitoa. Akauliza upya kwa njia ya kuzunguka, kisha kwa njia ya ukali, kisha kwa njia ya huruma, na kila mara alipofika kwenye mwili wa mzee, yule msichana alifunga mdomo kama mlango wa duka saa ya kanisa. Hapo ndipo kichwa cha Phelesia, hata bila chai, kilipoamka. Amefanya kazi na Wakisii muda mrefu. Wana kitu wanakiita chinsoni. Mkwe na mkwe hawazoeani. Mke wa mtoto haingii chumba anacholala baba mkwe, hamtazami akinawa, na mwili wake hautaji kwa mdomo hata nyumba ikiungua. Na Omanga alikuwa amemsimamisha mbele ya wanaume na shangazi wa mumewe, akamwuliza habari za choo cha baba mkwe wake. Angejibu, angekuwa ameaibika maisha. Hakujibu, akawa mwuaji.

"Haya," alisema Phelesia, akajishusha sakafuni magoti yakilalamika. "Tuachane na Baba. Una jirani yako, mzee mzee hivi. Tumwite Bwana Fulani. Huyo unaweza kumtaja?"

Beverlyne alimtazama kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza, bega lake likashuka.

"Huyo naweza."

"Afya yake ikoje?"

"Huyo Bwana Fulani alikuwa akipiga mswaki pale mferejini anatema damu. Nilikuwa nafua, nikageuka nisione. Na mikono yake ilikuwa na madoa meusi, kama mtu aliyegongwa, na hakugongwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla tuingize mahindi stoo."

"Na sumu ulinunua lini?"

"Baada ya mahindi kuingia. Panya walikuja na mahindi. Nilimwaga nusu kule nyuma ya magunia, nusu nikaweka juu mtoto asifikie."

"Bwana Fulani anakula kitu ambacho nyinyi hamli?"

"Hakuna. Uji mmoja, mboga moja. Hata ile chupa ya Caleb tunakunywa sisi wote, na mimi nanyonyesha nakunywa. Ni kali siku hizi, lakini tunakunywa."

"Siku hizi?"

"Kwanza ilikuwa mchaichai tu. Wazee wakasema haina nguvu. Akaanza kutia vitunguu saumu vingi, tangawizi, manjano, mpaka inawasha koo. Ilibadilika karibu na wakati ule wa kutema damu." Akakumbuka adabu. "Wa Bwana Fulani."

"Kuna mahali huyo bwana anaenda peke yake?"

"Homa Bay, kila mwezi, yeye na Caleb. Wanasema wanaenda kununua samaki."

"Samaki gani?"

"Sijawahi kuwaona," alisema Beverlyne. "Wanarudi mikono mitupu, na mimi nimeshasonga ugali."

Phelesia alitoka hapo akaenda moja kwa moja stoo ya mzee, akasogeza magunia mwenyewe kwa sababu askari aliyepewa alidai anaumwa mgongo. Nyuma, ukutani, punje za sumu zilikuwa zimemwagwa pale pale aliposema, rangi yake ya bluu bado inang'aa, nyingine zimetafunwa. Panya wawili walikuwa wamelala hapo hawana habari na kesi. Sumu ilienda ilikotumwa. Zaidi ya hayo, mzee alikuwa ameanza kutoka damu kabla pakiti haijatoka Isebania. Phelesia alimpigia Omanga akamweleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kuvaa viatu. Omanga alisema panya hawawezi kutoa ushahidi, na Jumanne iko palepale.

Jumatatu asubuhi Phelesia aliabiri gari akaenda Homa Bay kutafuta samaki ambao hawajawahi kununuliwa.

Daktari Nyamongo alikuwa amemdokezea jambo kabla hajaondoka. Ukiondoa sumu ya panya, alisema, kuna dawa halali ya hospitali inayofanya kazi ya namna hiyohiyo, ila kwa kipimo. Hupewa mtu ambaye damu iliwahi kumganda mguuni. Lakini familia yote imeapa mzee hamezi hata panadol, ameponywa na majani. Mzee mwenyewe ameapa. Basi yeye daktari afanye nini, apige ramli?

Phelesia aliuliza kliniki moja, akauliza ya pili, na katika nyumba ndogo ya matibabu juu ya barabara inayoteremka ziwani akampata muuguzi aitwaye Irine, ambaye kazi yake ni kupima kasi ya damu kuganda. Irine alimkaribisha chai. Chai halisi, ya maziwa, ina rangi. Phelesia alikishika kikombe kwa mikono miwili, akataja jina la Angwenyi na kwamba anavuja damu wodini, na Irine akaweka chini kila alichokuwa ameshika.

Ndiyo, anamjua. Damu ilimganda mguuni mwaka jana ikataka kupanda mapafuni. Anameza wafarini kila siku. Huja Homa Bay kwa sababu Migori anajulikana sana na hataki waumini wenzake wamwone kwenye foleni.

"Wafarini ni dawa nzuri lakini haina utani," alisema Irine. "Ikipungua, damu inaganda anakufa. Ikizidi, damu inakuwa maji anakufa. Ndiyo maana tunapima kila mara."

"Na mtu akinywa vitunguu saumu, tangawizi na manjano?"

"Kwa mboga hakuna shida. Lakini ukivichemsha vingi, ukavikamua, ukanywa vikombe kila siku, hivyo pia vinazuia damu kushikana. Halafu baadhi ya hizi dawa za miti zinalisumbua ini, linachelewa kuitoa wafarini, inabaki mwilini ikijazana. Mtu mwenye afya asiyemeza wafarini anaweza kunywa hiyo kitu asione chochote, labda harufu. Lakini huyu ni kama amesukumwa mara mbili akiwa kwenye mteremko."

Nyumba nzima ilikunywa. Caleb alikunywa hadharani. Kikombe kilikuwa safi kwa kila mtu aliyekuwa sebuleni, isipokuwa mmoja.

"Mlimweleza?"

Irine alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Nimemweleza mpaka sauti ikakauka. Na sikumweleza yeye tu. Alikuwa na mwenzake, mrefu, viatu kama kioo. Huyo ndiye aliyeuliza maswali. Vitunguu saumu vina shida gani, tangawizi je, kiasi gani. Nilifurahi nikasema angalau huyu mzee ana rafiki anayemjali. Nikamwambia: hata kijiko kimoja cha dawa ya kienyeji, mje mniulize kwanza. Na akitema damu kwa fizi, siku hiyohiyo mlete."

Chai ya Phelesia ilikuwa imepoa na kushika utando juu. Aliisahau hapo hapo mezani, kitu ambacho ndugu zake wa Karachuonyo wasingeamini.

Kabla hajafika hata Rongo, simu ililia. Ni Daktari Nyamongo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kurusha meza. Damu ilikuwa imekatika Jumapili. Leo imeanza tena. Mgonjwa yuko chini ya pua yake, sumu itokee wapi?

"Angalia chini ya mto," Phelesia alisema. "Angalia kwenye soksi. Usimwambie mtu utakachopata."

Daktari aliangalia. Vidonge vya wafarini vilikuwa kwenye soksi ya mguu wa kushoto, vimefungwa kwa plastiki. Mzee Angwenyi, mwenye umri wa heshima, mwenye duka na wafanyakazi, alikuwa akisubiri muuguzi apite, kisha anajifunika blanketi anameza kama mtoto anayeiba sukari. Na kwenye kabati la kando ya kitanda palikuwa na chupa ya chai, ile ile kubwa, imejazwa upya.

Nani ameleta? Bitutu ameleta. Kila asubuhi na kila jioni, kwa mapenzi ya dada.

Omanga aliposikia hayo alisema basi, ni shangazi, leteni pingu. Phelesia alimwomba, kwa adabu iliyokuwa karibu kuisha, kwamba kwa siku moja tu aache kumkamata mwanamke aliye karibu naye. Akamwuliza Bitutu kando, kwenye korido. Bitutu alilia, kisha alikasirika, kisha alisema alichemsha kutoka mfuko uliobaki nyumbani. Alikuwa amemwuliza Caleb kwanza kama aendelee. Caleb alifikiri kidogo, akasema, endelea.

"Na Mzee anajua mke wa mtoto wake yuko wapi?" Phelesia aliuliza.

Bitutu alipangusa pua. Alimwambia ameenda kusalimia kwao. Hakutaka kumpandisha presha.

Phelesia alitazama dari ya korido muda mrefu, akihesabu watu walioficha kitu katika hii kesi, akaacha alipoona vidole havitoshi. Mzee alimficha Irine majani na kuwaficha daktari na waumini vidonge, na dada akamficha ndugu habari za rumande. Mkwe alificha damu kwa sababu ya heshima. Watu wema wote hao, na kati yao walikuwa karibu kumzika mtu na kumfunga mwingine.

Saa kumi jioni aliwaita wodini. Daktari Nyamongo alisimama miguuni pa kitanda. Bitutu aliketi kwenye kiti cha plastiki. Omanga aliegemea dirisha akiangalia saa. Mzee Angwenyi alikuwa ameinuliwa kwa mito, uso una rangi ya majivu. Caleb aliingia mwisho, akasalimu kila mtu kwa mkono, akamwambia mgonjwa kwamba watu wa Kegonga na Isebania wanamwombea, na kwamba wanamsubiri kwa hamu kwenye mkutano wa Sabato ijayo, atakapoinuka kutoa ushuhuda wa jinsi majani yalivyomponya mguu.

"Vizuri," alisema Phelesia. "Bwana Caleb, nisaidie jambo moja tu halafu niende nyumbani. Hiki kinywaji chako hakina shida?"

"Hakina. Uliniona nikinywa."

"Nilikuona. Sasa mmiminie Mzee."

Caleb alishika chupa kwa furaha, akamimina kikombe, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Phelesia alikishika kikombe katikati ya safari.

"Sio wewe. Yeye."

"Naonja kwanza. Ndiyo desturi."

"Wewe ulishaonja Sabato, tukaona. Leo mpe mgonjwa."

Caleb alitazama kikombe, akamtazama mzee, kisha akatazama mlango, ambao Omanga, kwa mara ya kwanza katika kesi nzima, alikuwa amefanya jambo la maana akaufunga.

"Mzee amechoka," alisema Caleb. "Apumzike."

"Kinywaji cha kupumzisha. Mpe."

"Baadaye."

"Dada yake anampa asubuhi na jioni, na wewe ulimwambia aendelee. Mpe mbele yetu, kikombe kimoja, nimtoe mke wa Maxwell, nimalize kazi. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Ni hivyo tu, kikikutana na vile vidonge tumboni..."

Alisimama hapo. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, yamekaa katikati ya wodi, kila mtu anayaona.

"Vidonge gani?" aliuliza Bitutu. Hakupaza sauti, na kwa Bitutu hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Caleb. Ndugu yangu hamezi vidonge. Ulitusimamisha kanisani ukatuambia ametupa vidonge. Vidonge gani?"

Mzee Angwenyi alijifunika uso kwa mkono wenye madoa.

Phelesia alimweleza Caleb kwamba ametoka Homa Bay, kwamba samaki hakuwapata, lakini alimpata Irine, na Irine anamkumbuka yeye na maswali yake na viatu vyake. Akasema mengine atayasema yeye mwenyewe, hapa au mbele ya hakimu, achague palipo na baridi kidogo.

Caleb aliketi ukingoni mwa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu. Mwanzoni alisema hakujua. Phelesia alimwuliza, kama hakujua, kwa nini mkono umekataa kufika mdomoni mwa mzee. Akasema viungo vilikuwa vichache tu. Daktari Nyamongo akamnusisha kikombe. Mwisho aliongea akiangalia viatu vyake.

Mguu wa mzee ulipona kwa vidonge. Hilo alilijua tangu mwanzo. Lakini watu walikuwa wamemwona mzee akibeba chupa ya Damu Safi, wakaunganisha wenyewe, na soko likafunguka mpaka Kegonga. Mchungaji alikuwa ameshamkataza kuhubiri chupa yake kanisani, na mtu mkubwa kama Angwenyi akisimama kushuhudia, nani angesikiliza mchungaji? Vidonge vifanye kazi, chupa ichukue sifa. Alimhimiza mzee asiache kuvimeza, ila avifiche, na akamsindikiza Homa Bay mwenyewe ili asije akaviacha akafa kabla ya mkutano. Kisha wateja wakalalamika kinywaji ni chepesi. Akakiongezea nguvu kwa wote. Mzee naye akataka kile kile wanachokunywa wengine, asionekane anapewa maji. Angemwambiaje kwamba yeye peke yake asinywe?

"Fizi zilipoanza kutoka damu, ulimwambia nini?" aliuliza Phelesia.

Aliyejibu ni mgonjwa, kwa sauti iliyotoka mbali chini ya mkono.

"Aliniambia uchafu unatoka."

"Na binti wa watu akiwa rumande?"

"Nilifikiri mtamwachilia," alisema Caleb. "Hakufanya kitu. Nilijua mngeona hakufanya kitu."

Mzee Angwenyi aliondoa mkono usoni. "Binti gani?"

Bitutu aliangalia chini. Ikabidi Phelesia ndiye aseme: kwamba mke wa Maxwell hajaenda kwao, amelala kwenye saruji tangu Sabato, ametengwa na mtoto anayenyonya, kwa kosa la kumlisha baba mkwe sumu, na kwamba neno moja la mzee kuhusu soksi yake lingemtoa siku hiyohiyo. Mzee alijiinua kwenye mito. Damu kidogo ilikuwa imekauka kwenye mdomo wa chini. Alisema aletwe. Sasa hivi. Na kama hawana gari watumie la duka.

Omanga alimwondoa Caleb. Alimfunga pingu kwa mbwembwe zile zile alizomfungia Beverlyne, ila safari hii alikuwa amefika kwa mwenyewe.

Beverlyne alipofika alikuwa ameshapitia kwa jirani, mtoto amelala mgongoni, ameshiba. Alisimama koridoni, nje ya mlango wa wodi, na hakuna aliyeweza kumsogeza hatua zaidi. Ndani kuna kitanda na kitandani kuna baba mkwe. Muuguzi alimwambia aingie, hospitali haina mambo hayo. Beverlyne alisema asante, atasimama hapo.

Basi Mzee Angwenyi aliomba pazia livutwe kuzunguka kitanda chake na mlango ufunguliwe wazi kabisa. Kisha, akiwa haonekani, aliongea kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, sio kwa mkwe peke yake. Wodi nzima ilisikia, korido nzima ikasikia, na kwa kuwa majirani wa Suna walikuwa wameshajaa hapo kutafuta habari, Suna yote ilikuwa imesikia kabla ya jua kuzama.

"Mama," alisema, "nilikuwa nameza vidonge. Kila siku nilikuwa nameza. Nilisimama mbele za watu nikasema sivimezi. Wewe umefungwa kwa uongo wangu. Hukunilisha kitu kibaya hata siku moja. Nimekukosea, na nasema mbele ya hawa wote."

Pazia halikutikisika. Watu waligeuka kumtazama Beverlyne. Bitutu alikuwa amesimama karibu naye, anashika mkoba, anauachia, anaushika tena, anatafuta mahali pa kuweka mikono iliyomwonyesha kidole mbele ya mtaa mzima.

Beverlyne alimweka mtoto vizuri mgongoni.

"Nimesikia, Baba," alisema kupitia mlango. "Upone. Daktari atuambie kitu cha kumeza na kitu cha kuacha, atuambie sisi wote tukiwa pamoja." Akamtupia Bitutu jicho. "Na uji, tangu leo, atapika Shangazi."

Hakuna aliyecheka, ingawa Phelesia ilimbidi ajifanye anakohoa. Bitutu alifungua mdomo ule unaotosha mtaa mzima. Alimtazama Beverlyne, akalitazama pazia, akawatazama majirani wote waliokuwa wanasubiri kusikia atasema nini.

"Unga mnaweka wapi?" aliuliza.